Kisukari kinaotesha mishipa ya damu machoni, kwenye miguu kinainyima: habari ya VEGF na kwa nini sindano yake haijaokoa miguu

Kuna jambo linachanganya watu wengi wenye sukari na ndugu wanaowauguza, nalo ni hili: mgonjwa mmoja anaweza kwenda kliniki ya macho akachomwa sindano ndani ya jicho ya kuzuia mishipa ya damu isiote, kwa sababu imeota mingi, mibovu, na inavujisha damu, halafu wiki hiyo hiyo akaenda kwa daktari wa upasuaji akaambiwa mguu wake unakosa damu maana mishipa imeziba na mipya haijaota ya kutosha kuokoa vidole. Mwili ni mmoja, sukari ni ile ile, na protini inayohusika sehemu zote mbili ni moja, inaitwa VEGF. Sasa mtu akisikia hivo anauliza swali la akili kabisa, kwamba kama jichoni imezidi na mguuni mishipa haioti, si waichome tu mguuni? Wanasayansi nao waliuliza hivo hivo, wakajaribu kwa zaidi ya miaka 20, na majibu waliyopata ndo yanatufundisha kwa nini mguu wa mwenye kisukari ni mgumu kuutibu na kwa nini nikiona mtu anauziwa kichupa cha "kuotesha mishipa" kwa hela ya matibabu naumia.

Tuanze na VEGF yenyewe. Ni protini inayotolewa na seli zikikosa oksijeni. Ndani ya kila seli kuna protini nyingine inaitwa HIF, hii inatengenezwa muda wote lakini oksijeni ikiwepo ya kutosha inavunjwavunjwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo haipati nafasi ya kufanya kazi. Oksijeni ikipungua, HIF haivunjwi, inajaa, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa, mojawapo ni ya VEGF. Waliofumbua namna seli inavyojua kwamba oksijeni imepungua ni William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, na mwaka 2019 wakapewa Nobeli ya tiba. VEGF ikishatoka nje ya seli inaenda kunasa kwenye vipokezi vilivyoko kwenye seli za ukuta wa ndani wa mshipa wa damu ulio jirani, zile seli zinaachana kidogo, zinaanza kugawanyika na kuchomoza kuelekea kule VEGF inakotoka. Mshipa mpya unaanza hapo.

Ila mshipa uliochomoza tu bado haujawa mshipa wa kutegemewa, ni kibomba chepesi kinachovuja. Ili ukomae zinahitajika protini nyingine, kuna PDGF inayoita seli za nje zije kuuzunguka na kuushikilia, kuna angiopoietini inayokaza ukuta usivuje. Zile seli zisipokuja, mshipa unanywea na kupotea au unabaki unavuja hivyo hivyo. Naomba ulishike hili maana huko mbele ndo penye kesi yote.

Na kuvuja si jambo la bahati mbaya kwa VEGF. Harold Dvorak wa Boston na wenzake mwaka 1983 waliigundua kwa tabia hiyo hiyo ya kuvujisha, wakaipa jina la kitu kinachofanya mishipa ipitishe maji, walikuwa wanachunguza maji yanayojaa tumboni kwa wanyama wenye uvimbe wa saratani. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California wakaitenga protini inayootesha mishipa na kusoma jeni yake, kumbe ni kitu kile kile. Kwa hiyo toka mwanzo ilikuwa wazi kwamba protini hii inafanya mambo mawili kwa pamoja, inaotesha na inavujisha, na huwezi kuchukua moja ukaacha lingine.

Sasa jichoni kinatokea nini. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu vimishipa vidogo kabisa vya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zile seli za nje zinazoshikilia ukuta zinakufa mapema, vimishipa vinaziba, na sehemu ya retina inabaki haina damu. Retina inakula oksijeni nyingi sana kwa udogo wake, kwa hiyo ikikosa inamwaga VEGF kwa wingi. Mwaka 1994 watafiti wa Boston walipima maji ya ndani ya macho ya wagonjwa wa kisukari wakakuta VEGF iko juu kwa wale ambao mishipa mipya ilikuwa inaota. Na kwa kuwa jicho ni chumba kilichofungwa, VEGF inakaa humo humo, mishipa inaota mahali isipotakiwa, inapasuka, damu inajaa jichoni, retina inaweza kuvutwa ikabanduka, mtu anapofuka. Hapo ndo dawa za kuizuia VEGF kama bevacizumab zilipoleta nafuu kubwa, dawa ambayo mwanzo iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana halafu madaktari wa macho wakaanza kuitumia kwa dozi ndogo sana, miligramu 1.25 tu ndani ya jicho.

Wagonjwa wanauliza kama sindano hiyo ya jicho inaweza kuuharibu mguu. Dozi ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya saratani inayoingia moja kwa moja kwenye damu, na mgonjwa anayekaribia kupofuka asiikimbie kwa hofu hiyo. Ila mwambie daktari wa macho kama una kidonda mguuni au umepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, ni haki yake kujua ili apange vizuri. Kliniki zetu nyingi macho yana faili lake, miguu ina faili lake, na hayo mafaili hayaongei, kwa hiyo wewe au ndugu yako inabidi muongee kwa niaba yao.

Twende mguuni, huku mambo ni mengi zaidi. Mguu unapata damu kwa ateri kubwa inayoshuka pajani, ikifika chini ya goti inagawanyika kuwa tatu zinazoenda mpaka unyayoni. Kwa mvutaji sigara asiye na kisukari mara nyingi kuziba kunakuwa juu, kwenye nyonga au paja. Kwa mwenye kisukari kuziba kunapenda kukaa chini ya goti, kwenye zile ateri tatu nyembamba, tena sehemu nyingi kwa mpigo, na kuta zake zinajaa madini ya chokaa mpaka zinakuwa ngumu. Halafu kuna mishipa ya fahamu nayo imeharibika, mtu hasikii maumivu. Asiye na ganzi akitembea vigimbi vinauma kwa kukosa damu, anasimama, yanaisha, anaendelea, kwa hiyo anajua kuna tatizo. Mwenye ganzi haumwi chochote, anashtukia kidole kimeshakuwa cheusi. Daktari Zulfiqarali Abbas, ambaye ameshughulikia miguu ya wagonjwa wa kisukari Dar es Salaam kwa miaka mingi, yeye na wenzake waliwahi kuandika kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, hawakusikia kitu mpaka asubuhi. Ganzi ya namna hiyo ndo tunayoizungumzia.

Ateri kubwa ikiziba taratibu mwili una njia mbili za kujiokoa na hizi watu wanazichanganya sana. Fikiria barabara kuu imefungwa, magari yanaanza kupita njia za panya. Njia ya panya ilikuwepo toka zamani, ilikuwa nyembamba, sasa kwa kupitwa sana inapanuka mpaka lori linapita, na hiyo mwilini ni ile mishipa midogo ya pembeni iliyokuwepo tayari inayonenepa ikawa ateri kamili na kuzunguka pale palipoziba. Njia ya pili ni kuota kwa vimishipa vipya vidogo kabisa huko mwisho, yaani vile vichochoro vya kuingia nyumba kwa nyumba. VEGF kazi yake kubwa ni hii ya pili, vichochoro. Ila ukiongeza vichochoro mia huku hakuna njia inayoleta magari kutoka mjini, bado mzigo haufiki.

Na ile ya kwanza, ya kupanua njia za panya, haisukumwi na ukosefu wa oksijeni. Inasukumwa na damu yenyewe inavyokimbia kwa kasi na kusugua ukuta wa mshipa, ukuta unatoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa, na kuita seli nyeupe za aina ya monosaiti zije, hizo zinaleta vichocheo vya kuujenga upya mshipa uwe mnene. Sasa angalia kisukari kinavyogusa kila hatua hapo. Sukari nyingi inaharibu utengenezaji wa naitriki oksaidi kwenye ukuta. Monosaiti za mwenye kisukari zikiwekewa VEGF maabara zinaitikia vibaya, hazisogei kuifuata kama za mtu asiye na kisukari, na hili lilionyeshwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2000. HIF nayo, sukari ikiwa juu haifanyi kazi yake vizuri hata oksijeni ikiwa imepungua kweli. Ateri iliyojaa chokaa haipanuki kirahisi. Na tafiti kadhaa zilizopima VEGF kwenye damu ya wagonjwa wenye mishipa ya miguu iliyoziba zilikuta haiko chini, wakati mwingine iko juu. Kwa hiyo shida mara nyingi siyo kwamba VEGF imeisha mwilini, shida ni kwamba inakuja na seli zilizotakiwa kuiitikia zimeshachoka na sukari.

Hapo mwanzo hakuna aliyelijua hili vizuri, na mtu asidhani waliojaribu sindano walikuwa wazembe. Daktari Jeffrey Isner wa Boston ndo alianza kwa wanadamu. Timu yake ilipaka jeni ya VEGF kwenye puto dogo, wakalipitisha kwenye ateri ya mguu wa mama wa miaka 71 ambaye mguu wake ulikuwa unakufa kwa kukosa damu, wazo likiwa seli za mguu zipokee jeni zitengeneze VEGF zenyewe. Mwaka 1996 walitangaza kwamba picha zilionyesha mishipa ya pembeni imeongezeka, na mguuni kwake kukatokea vimishipa vyekundu vya juujuu kwenye ngozi pamoja na uvimbe wa maji. Unaona? Kuota na kuvuja, vyote viwili kwa mpigo. Mwaka 1998 wakaleta taarifa ya wagonjwa 9 miguu 10, safari hii jeni ilichomwa moja kwa moja kwenye misuli, na baadhi ya vidonda vilipona na miguu kadhaa iliyopangiwa kukatwa ikapona panga. Dunia ya madaktari ilichangamka kweli kweli na nawaelewa, maana ukishaona mtu ameletwa kukatwa mguu halafu anaondoka nao huwezi kukaa kimya.

Tatizo ni kwamba kwenye taarifa zile za mwanzo hapakuwa na kundi la kulinganisha. Vidonda vya miguu vina tabia ya kupona au kubaki kwa sababu nyingi, mgonjwa akiwekwa kwenye utafiti anasafishwa kidonda vizuri, anapewa dawa zote, anafuatiliwa kila wiki, na hiyo peke yake inaokoa miguu. Lilipoletwa kundi lililochomwa maji matupu mambo yalibadilika. Utafiti wa RAVE wa mwaka 2003, watu 105 wenye maumivu ya miguu wakitembea, waliochomwa VEGF hawakutembea zaidi ya wenzao, kilichoongezeka ni uvimbe wa miguu. Uholanzi mwaka 2006 wakajaribu kwa wagonjwa 54 wote wakiwa na kisukari na miguu iliyofikia hatua mbaya, waliokatwa kwenye kundi la dawa walikuwa 3 na kundi la maji 6, tofauti ambayo kwa idadi ile ndogo huwezi kusema ni dawa, ingawa vidonda vya baadhi yao vilionekana kupata nafuu. Halafu ukaja ule mkubwa, TAMARIS, wagonjwa 525 wa nchi nyingi, zaidi ya nusu wana kisukari, safari hii kichocheo kilikuwa kingine kinaitwa FGF1. Majibu yalitoka mwaka 2011: waliokatwa mguu au kufariki ndani ya mwaka mmoja ni asilimia 36 kwa waliochomwa jeni na asilimia 33 kwa waliochomwa maji. Hakuna tofauti yoyote ya maana.

Soma tena hizo asilimia. Theluthi moja ya watu, ndani ya miezi 12 tu, na hao walikuwa wanafuatiliwa kwenye utafiti. Huu ugonjwa ukifika hatua ya mwisho ni mkali kuliko saratani nyingi na hatuuongelei kwa uzito huo.

Kuna nchi ziliruhusu dawa za aina hii. Urusi iliruhusu sindano ya jeni ya VEGF mwaka 2011. Japani mwaka 2019 iliruhusu kwa masharti sindano ya jeni ya kichocheo kingine kinaitwa HGF, lakini mwaka 2024 kampuni yenyewe iliondoa ombi lake la ruhusa ya kudumu baada ya takwimu za wagonjwa zaidi kushindwa kuonyesha kile kilichoonekana mwanzo. Mimi naona walifanya vizuri kuweka masharti na kuangalia tena.

Ukiuliza kwa nini zilishindwa, jibu liko kwenye yote tuliyopitia. Kichocheo kimoja hakitoshi, mshipa unahitaji kadhaa kwa zamu zake. Jeni iliyochomwa inafanya kazi wiki chache tu halafu inaisha, wakati mshipa kukomaa unataka muda mrefu zaidi. Vichochoro vinaota lakini njia kuu ya kuleta damu iko vile vile. Seli za mwenye kisukari haziitikii vizuri. Na wagonjwa waliochaguliwa ni wale ambao hawana njia nyingine, yaani mguu umeshaharibika sana. Hivi sasa wanaoendelea na kazi hii wanajaribu kuchanganya vichocheo, kutumia seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, au kurekebisha zile seli zinazoshindwa kuitikia, na mimi nadhani hii ya mwisho ndo yenye mwelekeo.

Vichocheo vingine vipo kwa ajili ya kidonda chenyewe, siyo kwa mishipa iliyoziba. Jeli ya PDGF iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya kisukari vinavyotokana na ganzi, na sharti lake ni kwamba damu iwe inafika mguuni vizuri. Kuba wana sindano ya kichocheo kingine, EGF, inayochomwa kidondani, waliisajili mwaka 2006. Anayekuuzia kitu cha kupaka akakwambia kitazibua ateri ya chini ya goti anakudanganya, kwa sababu hata hizi zilizotengenezwa maabara kubwa hazifanyi hivo. Na hela ile mara nyingi ndo ilikuwa ya kipimo.

Kipimo chenyewe sio cha ajabu. Wanapima presha ya mkono na presha ya kifundo cha mguu kwa kutumia dopla, kifaa cha kusikiliza damu inavyopita, wanagawanya ya mguu kwa ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9 damu haifiki vizuri. Ila kwa mwenye kisukari kuna mtego mkubwa hapa, ateri zilizojaa chokaa hazibanwi na mkanda wa presha, kwa hiyo namba inatoka nzuri au inapita 1.4 wakati mguu unakosa damu. Ukiambiwa 1.5 usifurahi, omba wapime presha ya kidole gumba cha mguu waigawanye kwa ya mkono vile vile, kidoleni chokaa haijai sana, na hapo chini ya 0.7 ni dalili ya kuziba.

Na tiba iliyopo sasa hivi, ambayo haina jina la kuvutia, inafanya kazi. Ateri ikiziba kuna kuizibua kwa puto au kufanya baipasi kwa kutumia mshipa wa mgonjwa mwenyewe, na ukiwahi mguu unabaki. Kuna dawa za kolesteroli za jamii ya statini, aspirini au klopidogreli kuzuia damu isigande, kuacha sigara moja kwa moja, presha kushushwa. Sukari yenyewe nayo, utafiti mkubwa wa Uingereza unaoitwa UKPDS uliona kila HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, ilipokuwa chini kwa asilimia 1 hatari ya kukatwa mguu au kufa kwa mishipa ya miguu ilikuwa chini kwa asilimia 43. Mwaka 2025 utafiti wa STRIDE, wagonjwa 792 wenye kisukari aina ya pili na mishipa ya miguu iliyoziba, ulionyesha waliotumia semaglutide, dawa ya sindano ya kushusha sukari, walitembea umbali mrefu zaidi kuliko wenzao baada ya mwaka, japo dawa hiyo bei yake kwa wengi wetu bado iko mbali.

Halafu kuna kutembea, na hili watu wanalidharau kwa kuwa ni bure. Kumbuka njia za panya zinapanuliwa na damu inayokimbia. Mwenye mguu usio na kidonda, aliyeruhusiwa na daktari wake, akitembea mpaka vigimbi vianze kuuma, akapumzika mpaka yaishe, akaendelea tena, nusu saa mpaka dakika 45, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3 hivi, umbali anaoweza kutembea unaongezeka sana. Kichocheo kilekile kilichoshindwa kwenye sindano misuli inakitengeneza yenyewe ukitembea, kwa kiasi chake, pamoja na wenzake wote wanaotakiwa. Ila mwenye kidonda unyayoni asitembelee kidonda hicho, huyo anatakiwa aupumzishe mguu, na mwenye ganzi asitoke bila viatu vinavyomtosha, achunguze ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kuvaa, asikande mguu kwa maji ya moto wala kuupasha moto jikoni kwenye mkaa kwa sababu ataungua bila kujua. Mradi wa Step by Step, ulioanza miaka ya 2000 Tanzania na India, ulifundisha madaktari na manesi kuangalia miguu mapema na kutibu vidonda vidogo kabla havijawa vikubwa, na kazi kubwa ilikuwa ni hayo hayo, kuvua soksi na kuangalia.

Kwa hiyo ukienda kliniki ya sukari vua viatu hata kama hujaambiwa, mwambie daktari au nesi akushike mapigo ya juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Kidonda kisichopungua ndani ya wiki mbili, kidole kinachobadilika rangi, mguu unaouma usiku mpaka unauning'iniza nje ya kitanda ndo upate nafuu, hizo ni safari za hospitali wiki hiyo hiyo, yenye mtu wa kupima mishipa. Na mguu ukiwa wa baridi ghafla, umepauka, hausogei au unauma vibaya kwa mara moja, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, misuli isiyopata damu kabisa inaanza kufa ndani ya saa 6 hivi, usisubiri kukuche.